Kamba, maua na mawe: tathmini ya tiba ya simulizi kwa wenye kiwewe

Kati ya tiba za kiwewe ambazo mtu huhudhuria kliniki na kurudi kulala kwake, tiba ya simulizi, maarufu kwa kifupi chake cha Kiingereza NET (Narrative Exposure Therapy), ndiyo tunayoipa nafasi ya kwanza kwa mtu aliyepigwa na maisha zaidi ya mara moja. Aliyenusurika ajali moja ya basi ana njia nyingi za kutibiwa. Aliyekimbia vita, akaporwa njiani, akafiwa na mtoto kambini, kisha akapigwa na mume ugenini, ukimwuliza ni tukio gani linamsumbua zaidi atakutazama tu. Tiba nyingi huanzia kwenye swali hilo. NET huanzia siku aliyozaliwa na kwenda naye mpaka leo.

Inadai kitu kimoja ambacho kliniki nyingi hazikitoi kirahisi: dakika 90, wakati mwingine 120, kwa kila kikao, bila kukatizwa. Kituo kinachompa mgonjwa dakika 40 na kuita huduma hiyo NET kinatoa kitu kingine kabisa, na kitu hicho kinaweza kumrudisha mtu nyumbani akiwa na hali mbaya kuliko aliyokuja nayo. Tathmini hii yote inazunguka jambo hilo la muda.

Waliounda tiba hii ni Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, na mwongozo wake ulichapishwa kwa mara ya kwanza 2005. Lakini majaribio yake makubwa ya mwanzo yalifanyika huku kwetu, katika makazi ya wakimbizi ya Imvepi na Nakivale nchini Uganda. Ndiyo maana imekaa ilivyokaa: mgonjwa hahitaji kujua kusoma, hapewi kazi ya kuandika nyumbani, na vifaa vyake vyote vinaenea kwenye mfuko wa rambo.

Nani aanze, nani asubiri

Mtu aliyeshambuliwa wiki iliyopita, halali, na anaruka mlango ukibishwa, bado hahesabiwi kuwa na PTSD, yaani ugonjwa wa kiwewe. Ugonjwa huhesabiwa dalili zinapopita mwezi mmoja: tukio linajirudia lenyewe, usiku kwa ndoto au mchana kweupe, mtu anakwepa njia, watu, hata habari za redio zinazomkumbusha, anajilaumu au anakufa ganzi moyoni, na mwili unabaki macho muda wote, hasira karibu, usingizi mbali. Kituo makini hupima hayo kwa fomu. Kwa watu wazima inayotumika sana ni PCL-5, maswali 20, kila moja alama 0 hadi 4, jumla 80. Alama 31 hadi 33 na kuendelea ni ishara kwamba mtu achunguzwe kwa kina. Kwa watoto na vijana wa miaka 8 hadi 18 ipo CPSS-5. Usikubali kuanza bila namba ya mwanzo, kwa sababu bila hiyo hakuna atakayejua miezi sita baadaye kama tiba ilifanya kazi au ni mvua tu ilinyesha na shamba likamtuliza mtu.

Wapo wa kusubiri. Mwenye mpango wa kujiua ahudumiwe kwa hilo kwanza. Anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii amwone daktari wa akili kwanza. Anayelewa kila siku kiasi kwamba hawezi kuja akiwa na akili timamu asaidiwe kwanza kupunguza pombe. Na anayelala nyumba moja na mtu anayempiga hahitaji kusimulia kipigo cha mwaka juzi wakati cha leo jioni kinamsubiri. Kwake kazi ya kwanza ni usalama: dawati la jinsia polisi, ndugu wa kukimbilia, nyumba salama.

Umaskini, kwa upande mwingine, si sababu ya kusubirishwa, wala kuishi kambini. Tunalisisitiza hili kwa sababu washauri wengi bado huwaambia wakimbizi wasubiri mpaka maisha yatulie. Waliofanyiwa majaribio Imvepi hawakuwa wametulia hata kidogo.

Kumbukumbu moto, kumbukumbu baridi

Kila tukio mtu hulihifadhi kwa namna mbili. Kuna kumbukumbu baridi: mwaka, mahali, nani alikuwepo, nini kilifuata. Kuna kumbukumbu moto: harufu, sauti, moyo kwenda mbio, woga wenyewe. Katika tukio la kawaida mbili hizi zimefungwa pamoja. Katika kiwewe fungo limekatika, na ile ya moto inaelea bila tarehe wala mahali. Kwa hiyo harufu ya tairi linalochomwa jalalani Dar es Salaam leo inauambia mwili kwamba hapa ni Bunia, kule Kongo, usiku ule. NET inafunga upya fungo hilo, tukio moja baada ya jingine, na kila tukio linapewa mahali pake katika maisha ya mtu.

Kikao cha kamba

Baada ya kikao cha kupima na kueleza ugonjwa ni nini, kinafuata kikao cha kamba. Mshauri anatandaza sakafuni kamba ya mita mbili hivi. Ncha moja ni kuzaliwa. Ncha ya pili haifunguliwi yote. Inaachwa imekunjwa kama nyoka aliyelala, kwa kuwa huko ni maisha yajayo. Pembeni kuna maua, mawe madogo kwa makubwa, mishumaa midogo na, kwa baadhi ya watu, vijiti. Ua ni jambo jema: bibi aliyekulea, siku ya kufaulu, mtoto wa kwanza. Jiwe ni tukio la kutisha. Mshumaa ni msiba. Kijiti ni ukatili ambao mtu mwenyewe aliutenda, na huwekwa hasa na waliowahi kubeba bunduki. Maua ya plastiki yanafaa, ya mbogamvilia ya uani yanafaa vilevile.

Mteja anaweka vitu kwa mfuatano, na kila kimoja anakipa jina fupi. Mshauri anauliza mambo baridi tu: lini, wapi, ulikuwa darasa la ngapi. Asiyekumbuka miaka hukumbushwa kwa mambo anayoyajua: mtoto wako wa pili alikuwa anatambaa au anatembea? Ilikuwa kabla ya mavuno? Kamba yote imalizwe siku hiyo hiyo, na mwishoni ichorwe au ipigwe picha, kwa sababu ndiyo ramani ya vikao vyote vinavyofuata.

Hapa ndipo washauri wageni hukosea zaidi. Mteja anaweka jiwe, machozi yanamtoka, na mshauri mwenye huruma anauliza, "Ilikuwaje?" Saa moja baadaye wako ndani kabisa ya tukio la nne, kamba haijafika nusu, muda umekwisha, na mteja anapanda daladala na moto wote kifuani. Kauli sahihi ni: "Pole sana, mama. Tutalirudia jiwe hili na kulipa muda wake wote. Leo tulipe jina na tusonge." Kosa la pili ni kuacha kamba iwe mawe matupu. Mtu mwenye mawe tisa bila ua hata moja hajaulizwa vya kutosha. Mwulize ni nani alimfundisha kupika, nani alimwita kwa jina la utani.

Kikao cha jiwe

Vikao vinavyofuata ni simulizi yenyewe, kuanzia utotoni. Miaka ya kawaida hupitwa haraka kwa dakika chache. Likifika jiwe, mwendo unapungua hadi kuwa wa konokono. Dakika kumi za tukio zinaweza kuchukua saa nzima kusimuliwa, na ndivyo inavyotakiwa.

Maswali huenda na kurudi kati ya siku ile na leo. "Mama, umesema waligonga mlango. Ulikuwa umesimama au umekaa?" Nimesimama. "Mikono yako ilikuwa inashika nini?" Sufuria ya uji. "Ilikuwa ya moto?" Ya moto, iliniunguza, sikuhisi. "Moyoni ulisikia nini saa ile?" Kwamba wametukuta. "Na sasa hivi unapoyasema hayo, mwili wako unasikia nini?" Mikono inatetemeka. "Naiona. Inatetemeka leo, na ilitetemeka siku ile. Siku ile walikuwa mlangoni. Leo mlangoni kuna nani?" Anageuka, anatazama. Hakuna mtu. Hapo fungo limeanza kufungwa: sufuria, mlango, mwaka, woga, vyote mahali pamoja, na mama mwenyewe amekaa kitini leo.

Moto hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka wenyewe iwapo mtu hatoroki. Kikao kinaishia baada ya kushuka, pale simulizi ilipofika saa za baada ya tukio, mtu akiwa salama kwa kadiri alivyokuwa siku ile. Sasa dakika 90 zinaeleweka. Kupanda peke yake kunaweza kula dakika 40. Anayekatisha katika kilele, iwe kwa simu kuita, kwa mteja mwingine kubisha hodi, au kwa huruma ya "basi mama, tuache hapo," anaufundisha mwili kwamba kumbukumbu ile kweli haivumiliki. Mteja wa namna hiyo harudi tena, na mshauri anaandika kwenye faili kwamba hakuwa tayari.

Linaloharibika mara nyingi baada ya hilo ni mtu kuondoka kimawazo. Macho yanaganda, sauti inakuwa nyembamba, anajibu kama aliye mbali, pengine analegea kama wa kuzirai. Hii hutokea hasa kwa waliobakwa au waliofungwa, ambao mwili wao ulinusurika kwa kujizima. Mshauri aliyefunzwa haachi tukio likaendelea bila mwenyewe. Anamwambia akaze misuli ya mapaja na mikono, asimame, ashike kitu cha baridi, ataje vitu anavyoviona chumbani, kisha wanaendelea. Uliza kabla ya kuanza kituo hufanya nini mteja akilegea. Jibu likiwa "tunamlaza apumzike," wewe tafuta kwingine.

Tatizo jingine ni mkalimani, hasa Nairobi na Kampala ambako Mkongo, Mrundi na Msomali hupokelewa kliniki moja. Mkalimani awe yuleyule mwanzo hadi mwisho, atafsiri kwa "mimi" na asiseme "anasema kwamba yeye," na asiwe ndugu wala jirani. Mtoto kumtafsiria mama yake tukio la kubakwa ni kosa lisilo na udhuru, hata kituo kikiwa kimekosa mtu mwingine.

Karatasi

Baada ya kila kikao mshauri huandika alichosikia, kwa mpangilio wa maisha na kwa maneno ya mteja, na kikao kijacho huanza kwa kumsomea. Mteja anasahihisha: haikuwa Jumanne, ilikuwa siku ya gulio. Masahihisho hayo ni sehemu ya tiba. Kuandika huko humla mshauri saa moja au mbili nje ya kikao, na kituo kisichompangia muda huo hatimaye hukosa karatasi, kisha simulizi huanza kurudiwa ovyo.

Kikao cha mwisho, maisha yote husomwa kwa sauti, na waliokuwepo hutia sahihi. Wengine huwasha mishumaa ya marehemu wao. Karatasi ni mali ya mteja, lakini fikiri itakaa wapi. Nyumba ya chumba kimoja haina siri, na mume anayeikuta chini ya godoro anaweza kusoma jambo ambalo hajawahi kuambiwa. Kuiacha kliniki kwenye kabati la kufungwa ni uamuzi halali kabisa. Ikiwa mteja anataka itumike kama ushahidi wa haki za binadamu, hilo lijadiliwe peke yake, mwishoni, na jibu la hapana liheshimiwe.

Inafanya kazi kiasi gani

Jaribio la Imvepi, lililochapishwa 2004, lilikuwa na wakimbizi 43 wa Sudan. Waliopata NET walipata vikao vinne tu. Mwaka mmoja baadaye, asilimia 29 yao ndio waliobaki na PTSD, wakati waliopata ushauri nasaha wa kawaida ni asilimia 79, na waliopewa maelezo tu kuhusu ugonjwa ni asilimia 80. Nchini Rwanda, utafiti mdogo wa 2009 kwa yatima wa mauaji ya kimbari uliilinganisha na tiba ya mahusiano: baada ya miezi sita waliobaki na ugonjwa walikuwa asilimia 25 upande wa NET na asilimia 71 upande wa pili.

Nakivale picha ni tofauti kidogo, na haki itendeke. Katika jaribio la 2008, lenye wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia, washauri walikuwa wakimbizi wenzao waliofunzwa wiki sita. Miezi tisa baada ya tiba, asilimia 70 ya waliopata NET hawakuwa tena na PTSD, lakini na asilimia 65 ya waliopata ushauri wa kiwewe usiofuata NET vilevile, dhidi ya asilimia 37 ya waliofuatiliwa tu. Tofauti kubwa ilikuwa kwa walioacha njiani: asilimia 4 upande wa NET, 21 upande wa ushauri. Kwetu sisi namba hiyo ya 4 ina uzito mkubwa, kwa sababu katika kliniki za kuhudhuria na kurudi nyumbani utoro huua tiba kuliko kitu kingine chochote.

Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2017, kiliiweka NET daraja la pili, chini ya tiba kama ya kukabili kumbukumbu ya Edna Foa na ile ya kuchakata mawazo ya Patricia Resick. Kwa tukio moja, na kwa mtu anayesoma na kuandika bila taabu, hatuna ugomvi na mpangilio huo. Tiba ya Resick, vikao 12, ni nzuri mno kwa anayesumbuliwa na kujilaumu, na imefanyiwa kazi kwa vikundi na wanawake wa Kivu. Tiba ya Foa humtaka mtu asikilize nyumbani kila siku sauti yake iliyorekodiwa. Anayelala chumba kimoja na watu watano atafanyaje?

Vijana

Kwa watoto na vijana toleo lake huitwa KIDNET. Kamba ni ileile, ila kijana anachora, anaonyesha kwa mwili alivyokuwa amejificha, na kamba yake iliyokunjwa hupambwa kwa maua ya ndoto zake. Kaskazini mwa Uganda, waliokuwa askari watoto 85, wenye umri wa miaka 12 hadi 25, waligawanywa makundi matatu. Kundi la NET lilipata vikao vinane kutoka kwa washauri wa jamii yao wenyewe, na likapona vizuri kuliko waliopewa masomo ya ziada na ushauri au waliosubiri. Matokeo yalichapishwa 2011, baada ya ufuatiliaji wa mwaka mzima.

Mzazi au mlezi atoe idhini, na aelezwe atarajie nini: kijana anaweza kulala vibaya usiku wa kikao cha jiwe, akawa mkali siku mbili tatu. Lakini asisomewe karatasi, na mshauri alitamke hilo mbele ya wote wawili siku ya kwanza. Panga vikao mchana wa siku isiyo na mtihani, na kijana asirudishwe darasani moja kwa moja. Ikiwa shida yenyewe ni kufiwa na wazazi zaidi ya vita au ukatili, upo mpango wa vikundi wa vikao 12 uitwao Pamoja Tunaweza, uliojaribiwa Moshi na Bungoma, ambao tungeuangalia kwanza.

Kuhusu dawa, maneno machache. Sertralini na paroksetini husaidia baadhi ya watu wazima na zinaweza kwenda sambamba na vikao. Mwongozo wa Uingereza wa 2018 unakataa dawa kwa PTSD ya walio chini ya miaka 18. Diazepamu, ambayo bado inaandikwa ovyo kwa kila anayesema halali, haitibu kiwewe, huzoesha mwili, na mtu aliyeimeza asubuhi ya kikao anasimulia jiwe kana kwamba ni la mtu mwingine.

Kabla ya kulipa

Hesabu vikao 8 hadi 12, kimoja au viwili kwa wiki. Vikao kumi vya dakika 90 ni saa 15 za kukaa na mshauri, na nauli ya kwenda na kurudi mara kumi. Ukiona nauli itakwisha kwenye kikao cha tano, sema mapema, vipangwe viwili kwa wiki ukiwa umefikia kwa ndugu mjini, au mshauri aje kwako. Kuishia katikati ya mawe ni hasara kuliko kuchelewa kuanza mwezi mmoja.

Uliza mapokezi mambo haya: kikao ni dakika ngapi, mshauri ni yuleyule hadi mwisho, anasimamiwa na nani, chumba kina mlango unaofungwa. Mwisho wa tiba usitegemee sherehe ya kupona. Wengi hutoka kikao cha mwisho wakiwa wamechoka na nafuu kiasi, kisha nafuu inaendelea kukua kwa miezi. Rudi upimwe kwa fomu ileile baada ya miezi mitatu, kisha sita. Kushuka kwa alama 10 au zaidi kwenye PCL-5 huhesabiwa kuwa badiliko la kweli. Zikibaki palepale, mwambie mshauri atoe picha ya kamba mwangalie pamoja. Mara nyingi kuna jiwe moja lililopitwa.